Kilima Kisicho na Nyumba

4 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, ingawa nakujua, wewe hata uji unaunywa umesimama. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika asubuhi na kunyamaza ikifika saa ya chai, kama karani. Msalimie mumeo, na wanao, wajomba zangu wawili, uwaambie wasome.

Utauliza kwa nini siandiki kwa simu. Huku simu inashika ukisimama juu ya jiwe fulani, nami sioni sababu ya kupanda jiwe ili nikukoholee.

Habari yenyewe ni kwamba nimeacha kazi. Kustaafu nilistaafu zamani, lakini niliendelea na zile kazi za ushauri, na sasa nimeziacha pia. Maisha yangu yote nimeusoma udongo kwa kushuka shimoni, tabaka la juu, la kati, mwamba, kisha napanda na ngazi kwenda kuandika ripoti. Sasa nataka kuutazama kutoka nje na kuupaka rangi, kila siku, mpaka macho yakatae.

Nimepanga chumba kimoja mkabala na kilima. Kuna kitanda, meza, ndoo mbili na dirisha kubwa, na kila kitu kinanuka tapentaini ya kuyeyushia rangi. Kilima ni chekundu juu, kijivu pale maji yanapochuruzika, na jioni kina rangi ambayo bado sijaweza kuichanganya. Kwenye mteremko wanaishi watu waliofukuzwa mahali pengine, wakaja na mabati yao kichwani. Mchana mabati hayo yanachoma macho.

Jicho linadanganya likitazama mteremko, kwa hiyo nimepanda vigingi kutoka chini hadi juu, kila kimoja na kitambaa chekundu, nijue kitu kinavyozidi kuwa kidogo kadiri kinavyokwenda mbali. Wachoraji wengine hunyoosha kidole gumba na kufumba jicho moja. Mimi sikusomea kidole gumba. Watu wa hapa wameshanipa jina: Mzee Vigingi.

Nitumie brashi pana mbili. Za huku zinanyonyoka kama kuku.

Kaka yako


19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimeipokea barua, na nimeisoma nimesimama.

Wajomba zako hawajambo. Mkubwa ameota ndevu tatu na anazinyoa kila siku. Baba watoto anasema umerukwa na akili, kisha akauliza hizo picha unauza au unazitazama tu. Nikamwambia mwache, mtu akichimba mashimo maisha yake yote ana haki ya kutoka nje.

Chumba cha majeruhi hapa hospitalini ni kilekile. Juzi waliletwa mtu na mkewe kwa gari moja, mume ana jeraha la chupa, mke ana jeraha la kisu, wakaanza upya kugombana juu ya nani ashonwe kwanza. Nikawashona kwa zamu, mshono mmoja huku, mmoja kule. Walipoondoka walikuwa wameshikana mikono. Usiku huohuo mume akaletwa tena, peke yake, na safari hiyo sikuwa na cha kushona.

Brashi hizi hapa. Muuzaji aliniuliza ninapaka ukuta gani.

Kumbuka kwamba mkuu wa kituo cha polisi cha huko ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto. Ukipata shida mwone.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Mwandiko huu usikushtue. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Hatujambo wote, maana yake mimi na goti. Nilianguka mtaroni wakati nikishuka mteremko. Mkono wa kulia umevunjika mfupa mmoja, katikati ya kiwiko na kifundo, upande wa kidole cha mwisho. Umekatika moja kwa moja, haukuchomoza. Mganga wa zahanati ameufunga kwa vibao. Jino moja la mbele limetoka. Sikio la kushoto linavuma.

Brashi zilifika salama. Sijazitumia.

Usije, si jambo kubwa.

Kaka yako


30 Aprili

Kaka,

Shikamoo na pole.

Wanaoanguka nimewapokea maisha yangu yote. Anayeanguka hutanguliza kiganja, kwa hiyo huvunjika karibu na kifundo, upande wa kidole gumba. Wewe umevunjika katikati, upande wa pili. Hapo huvunjika mtu aliyeinua mkono kukinga kichwa. Na jino je? Ulianguka mara mbili, au mtaro ulikufuata?

Ungesema tu "nimeumia mkono" ningeamini. Shida yako ni kwamba hata ukidanganya unatoa vipimo.

Nani amekupiga?

Wajomba zako wanakusalimu. Sijawaambia.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu mkono wa kushoto unaandika polepole, na kwa sababu sikutaka. Nafurahi kusikia watoto ni wazima.

Walikuja asubuhi, jua limeshapanda, nikiwa nimesimama mbele ya picha chini ya mteremko. Kundi la wanaume, na mbele yao mwashi mmoja ambaye kila siku tulikuwa tukisalimiana. Alikuwa na koleo.

"Mzee, nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimejituma."

"Vigingi ni vya nini?"

"Vya kupimia," nikasema.

Baadaye ndipo nilipoambiwa. Kule walikofukuzwa, vilianza kuja vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Wiki chache baadaye likaja tingatinga. Mtoto wa mwashi alikuwa amelala ndani. Mimi hayo sikuyajua, na wao hawakujua kwamba kuna mtu mzima anayepima kilima ili akipake rangi. Ukweli wenyewe unasikika kama uongo, hata mimi nikiuandika.

Wakaitazama picha. Tukasemezana kidogo. Kisha akanipiga kwa mpini wa koleo. Pigo la kwanza nililikinga, na mfupa niliusikia kwa sikio kabla ya kuusikia mkononi. La pili lilinipata mdomoni. Nikaanguka, ikawa zamu ya viatu. Mmoja alinikanyaga sikio na kuligeuzia kisigino, kama mtu anayezima sigara.

Aliyewazuia ni mke wa mwashi. Alikuja mbio kutoka kibandani kwake, anakouza mafuta ya taa na sabuni, akajitupa juu yangu mzimamzima. "Haya, niueni na mimi, kisha mkajipikie wenyewe!" Mtu mmoja akacheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichoniponya. Walichoma picha na vigingi pamoja, wakaenda zao.

Kesho yake mwanamke huyo aliniletea uji, akaweka bakuli mlangoni bila kunitazama.

Usimwambie mtu, hasa shemeji yako. Watu hawa walikosea, lakini hawakuwa wendawazimu. Wakija polisi hakutabaki kitu.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Mdogo amefaulu mtihani wa hesabu na anatembea kama waziri. Baba watoto amenunua viatu vinavyombana na hataki kukubali kwamba vinambana.

Endelea kuinua mkono juu ya mto ukilala, na vidole uvichezeshe hata vikiuma.

Siku hizi za karibuni kaa ndani. Usishuke kule mteremkoni. Usiniulize.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Leo sina salamu.

Nilikaa ndani. Niliona yote kupitia dirisha lile nililolichagua kwa ajili ya mandhari.

Walikuja alfajiri, malori ya polisi na tingatinga. Hakukuwa na tangazo. Walianzia nyumba za chini, wakazisukuma kwenda juu, bati linalia kama mnyama. Zilizobaki walizitia moto. Mwanamke mmoja alitoka na mlango wa nyumba yake kichwani. Askari akampiga rungu la goti. Akapiga magoti, mlango haukuanguka. Akampiga la pili, begani. Mlango ukaanguka, naye akaulalia. Kijana aliyerusha jiwe alipigwa risasi ya paja, akajiburuta kwa viwiko hadi kwenye mtaro, yaani mtaro ule niliokuandikia kwamba niliangukia. Mwashi walimvuta kwa miguu kushuka mteremko mzima, kidevu kinagonga kila jiwe. Mkewe alimfuata akishika shati lake mpaka shati likabaki mikononi mwake.

Saa ya chai shemeji yako alikuja chumbani kwangu. Akakaa kitandani, kofia juu ya goti, mpole kabisa. Akasema, "Kaka, tumekusafishia. Sasa chora kwa raha zako."

Nikatazama nje. Kilima kilikuwa kitupu.

Sasa nikwambie nililoliruka katika barua ya Mei. Niliandika kwamba tulisemezana kidogo. Mwashi aliitazama picha yangu kwa muda mrefu, akauliza, "Nyumba zetu ziko wapi?" Sikuwa nimezichora. Kilima nilikichora jinsi nilivyokipenda, udongo na nyasi na kivuli. Nikamjibu kama mwalimu anavyomjibu mwanafunzi: "Nimeziondoa. Zinaharibu mandhari." Ndipo akainua koleo.

Mtu wa namna yangu, mwenye vigingi, na picha ya kilima kisicho na nyumba, na jibu hilo. Wewe ungefanya nini?

Siku ya tatu mwashi alifia mahabusu. Wanasema aliteleza chooni, akaanguka. Wewe ndiye uliyenifundisha jinsi watu wanavyoanguka.

Maiti iko chumba cha maiti cha wilaya. Mkewe ameniuliza kama namjua mtu anayeweza kusoma majeraha, kwa sababu daktari wa pale hamtazami usoni. Nimemwambia yupo. Sikumwambia ni nani wangu.

Njoo.

Kaka yako


10 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini basi halikukuchosha na watoto umewakuta salama.

Ulikuja, ukavaa glavu, ukamtazama mbele, ukamgeuza, ukatazama nyayo, ukamfunika. Ukaushika na mkono wangu uliovunjika, ukaukunja na kuukunjua. Ukapanda basi. Mkewe alisimama mlangoni mwa chumba cha maiti wakati wote, akitazama uso wako. Aliponiuliza, "Amesema nini?" nilimjibu, "Bado."

Wamemzika. Ndugu zake wamefungua shauri, na hakimu atachunguza kifo tarehe kumi na nane Agosti. Wakili wao anasema bila mtu wa hospitali neno la polisi litasimama. Mimi nimeshaandikishwa. Nitasema kuhusu vigingi na kuhusu picha.

Sikuulizi uliona nini. Nakuuliza kama utasema.

Kaka yako


29 Julai

Kaka,

Shikamoo. Watoto hawajambo. Mkubwa ameacha kunyoa.

Barua yako ilifika mapema. Aliyechelewa ni mimi.

Nilimpigia simu shemeji mimi mwenyewe, baada ya barua yako ya Mei, ile uliyoniambia nisimwambie mtu. Nilikuwa nimetoka zamu, barua yako mfukoni. Nilisema: "Shemeji, wamemvunja kaka yangu. Wafunze adabu." Sikusema achome wala aue. Nilisema wafunze adabu, na mimi nimekaa chumba cha majeruhi muda wa kutosha kujua maneno hayo yakitoka kwenye mdomo yanarudi na machela.

Nilichoona ni hiki. Nyayo zote mbili zimevimba na kupasuka, na anayeteleza chooni haumii nyayo. Vifundo vya mikono vina alama ya kamba. Mbavu za kushoto zimevunjika mbele na nyuma, maana yake alipigwa pande mbili, au alipigwa akiwa amelazwa juu ya kitu kigumu. Kichwa, ambacho wanasema ndicho kilichogonga sakafu, hakina hata mchubuko. Kidevu kimechunika, lakini hilo ni la siku ya mteremko. Lilikuwa limeanza kupona.

Sikumwambia mke wake kwa sababu alinishukuru kwa kuja. Ningesema neno moja ningesema yote.

Baba watoto ameitisha kikao cha ndugu. Mama mkwe alilia. Shemeji alikuja na zawadi za watoto, akasema kwa utaratibu tu, "Shemeji, wewe ni mtu wa kushona. Usiwe mtu wa kufumua." Wote wakacheka, hata mimi nikacheka, Kaka, kwa woga. Walipoondoka baba watoto aliniuliza swali moja: "Siku hiyo ukitoka mahakamani, utalala nyumba gani?"

Nimeomba likizo kuanzia tarehe kumi na saba.

Mdogo wako


24 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za huko? Tangu ulipotoka kizimbani sijapata neno lako, na hapo nje ya mahakama niliona gari lililokufuata.

Hakimu amesoma uamuzi wake jana. Amesema mwashi aliuawa kwa kupigwa akiwa mikononi mwa polisi. Askari wawili wamewekwa ndani. Shemeji yako amehamishwa, hakushtakiwa. Alipita karibu nami kwenye ngazi akaniambia, "Haya, kaka, umechora." Hakuwa na hasira. Nilitamani angekuwa nayo.

Wakili wa ndugu wa mwashi aliniuliza ushahidi wangu unalenga nini. Nikasema unalenga kuonyesha kwamba walionipiga walikuwa na sababu ya kuniogopa. Akaniambia hilo si jambo la kisheria. Nilikubali.

Jioni mke wa mwashi alikuja chumbani. Mara ya kwanza kuingia ndani. Hakukaa. Alizitazama turubai tupu za kuchorea zilizoegemea ukuta.

"Yule mama wa hospitali ni dada yako."

"Ni mdogo wangu."

"Ndiye aliyewaita polisi."

Ulilisema mwenyewe mbele ya hakimu, hakuna aliyekuuliza. Nikamjibu, "Ndiye."

Akaigusa turubai moja kwa kidole. Kisha akasema, "Alisema kweli tupu. Mfikishie. Asije tena."

Nikamwambia kwamba watu wake wameanza kurudi mteremkoni, nimeona nguzo, na kwamba mkono ukipona nitakichora kilima upya, na nyumba zote ndani yake, yake ya kwanza. Nilidhani nampa kitu.

"Nyumba tutajenga wenyewe," akasema. "Wewe hama. Mwisho wa mwezi ujao usiwepo hapa. Mimi nimewazuia mara moja, na nilimzuia yule ambaye alikuwa ananisikiliza. Sasa hayupo. Wakija tena sitalala juu yako."

Akatoka. Kwa hiyo nafunga mizigo. Najua hapo kwako sasa huenda hapana nafasi ya ndugu yako. Nijulishe hata kwa mstari mmoja.

Kaka yako


31 Agosti

Kaka,

Shikamoo.

Nilirudi nyumbani siku ileile ya mahakama. Begi langu lilikuwa uani, limefungwa vizuri, hilo nimshukuru. Baba watoto alinipiga kofi moja, mbele ya watoto. Yule mkubwa akamshika mkono, wakaangushana mpaka kabati la vyombo likawaangukia. Nimeshona nyusi ya mwanangu kwa mikono yangu, na nyusi ya baba yake pia, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali nami nilikuwa karibu. Kisha nikaondoka na watoto.

Tupo nyumba za wauguzi, vyumba viwili nyuma ya chumba cha kufulia. Usiku wa kwanza dirisha lilivunjwa kwa mawe, la pili pia. Wa tatu hawakuja. Nimeweka kadibodi badala ya kioo, na mdogo amelala mbali na ukuta huo. Utalala na wajomba zako. Utapata mahali pa turubai, ila mandhari ni ukuta wa kufulia na kamba ya mashuka. Mambo ya kuondoa kitu kwenye picha sitaki kuyasikia.

Ujumbe wa mama yule umenifikia. Sitakwenda.

Sasa mkono wako. Nilipoukunja kule chumba cha maiti niliona. Mganga wa zahanati aliufunga kombo, na umeunga kombo. Nimemweleza daktari wa mifupa. Anasema kwa hali hiyo utashika kijiko, kalamu kwa shida, brashi hapana. Ukitaka uwe mkono wa kufanyia kazi lazima uvunjwe tena palepale, makusudi, ndipo unyooshwe na kufungwa chuma. Kwa umri wako sindano ya usingizi mzito ni ya hatari, kwa hiyo utatiwa ganzi ya bega na utakuwa macho. Hutasikia maumivu. Kuvunjika utakusikia.

Nimemwomba niwepo. Amesema kuna haja ya mtu wa kukushika bega lisicheze, na kwamba kwa kawaida hawamwekei ndugu kazi hiyo. Nimemwambia mimi ndiye.

Panda basi la Jumapili. Ukila chakula cha jioni, usile tena wala kunywa kitu mpaka Jumatatu nikuone.

Mdogo wako